Mpe Buti

"Kichuguu kwa Kalulu. Unamwona?"

"Naona mgongo wake."

"Usiuache."

Lydie Katongo aliinama juu ya usukani. Alivuta mafuta. Honda XR ilinguruma, ikaruka shimo la lami, ikatua upande wa pili bila kuyumba. Mbele yake Land Cruiser nyeupe ilikuwa inaila barabara ya Kasumbalesa. Wauza mkaa waliruka kando na baiskeli zao. Magunia yalipasuka. Gari halikugusa hata breki.

Ndiyo tabia ya wenye kampuni. Barabara ni yao. Kando ni yetu.

Kalulu, sungura mjanja wa hadithi za bibi, lilikuwa jina la Lydie kwenye redio. Kichuguu alikuwa kanali Gauthier, mkubwa wake, aliyekaa mjini Lubumbashi katika chumba kisicho na dirisha, vipokea sauti masikioni, kahawa imepoa mbele yake. Kitengo chao hakikuwa na kibao mlangoni. Kazi yake ilikuwa moja: kuzuia kile kinachotoka ardhini kisitoke nchini kwa mlango wa nyuma.

Na ndani ya Land Cruiser ile alikaa Hendry Pascoe, mkurugenzi wa Tolbrook, kampuni ambayo uzio wake umepita katikati ya Ruashi, mtaa wetu wa Lubumbashi, kama kisu kwenye mkate. Leo alikuwa anaondoka nchini moja kwa moja. Ndege yake ilikuwa inamngoja Ndola, ng'ambo ya Zambia. Akishavuka mpaka, hakuna mkono wa Kongo utakaomfikia tena.

Hakuwa anaondoka mikono mitupu.

Alikuwa na germaniamu. Kilo mia tatu. Chuma cha kijivu kinachokamuliwa kutoka kwenye takataka za shaba, takataka zile zile ambazo babu zetu walizibeba kwa karai wakiambiwa ni uchafu. Uchafu huo leo hutengeneza vioo vya kuonea gizani. Mnunuzi alikuwa karakana moja ya silaha huko nje, na miwani yake ilikwisha kuonekana kwenye nyuso za wale wanaochoma vijiji vya mashariki usiku. Yaani chuma chetu kiende, kirudi na macho, kitutafute.

Asubuhi hiyo simu ya Pascoe ilinaswa. Maneno machache tu, kwa Kiingereza.

"It's in the boot."

Mfasiri wa kitengo, Edouard, aliyesoma Ndola na kula ugali wa huko mpaka akauita nshima na kusahau kusema bukari kama sisi, hakusita. Alieleza kwamba kwa Waingereza boot ni lile sanduku la nyuma ya gari, ambalo sisi Lubumbashi tunaliita kofre. Mzigo uko ndani ya kofre. Kanali akapiga meza. Kizuizi kikawekwa Whisky, kituo kidogo kabla ya mpaka. Na Lydie, aliyeiomba kesi hii kwa mdomo wake mwenyewe, akapewa pikipiki, bastola ya Glock, na amri ya kutopepesa.

Simu iliita ndani ya kofia. Kifaa cha sikioni kilikuwa kimepangwa kujibu chenyewe.

"Mama, uko wapi? Kuko makelele."

Ni Papa. Papa alimwita binti yake Mama tangu siku alipomzika mkewe.

"Niko kazi, Papa. Nitakupigia."

"Fupi tu. Bale ba Tolbrook balisema unapeleka mabuti ya zamani, banakupatia mapya. Nilipeleka yangu. Leo njo siku ya kuchukua mapya. Tuko hapa bazee bengi, na kwenye depo kuko paka kufuli tu, hakuna mutu."

Lydie alikwepa lori.

"Uliwapa yale ya nyuma ya mlango?"

"Njo yale. Ningebapatia gani? Banasema banayapeleka Zambia kuyayeyusha. Lori ilitoka asubuhi." Mzee akakohoa. "Wewe unajua Kingereza. Ubaulize vizuri, mapya itakuya siku gani."

"Nitakupigia, Papa."

Alikata. Alisaga meno mpaka taya likauma. Mara ya pili, alijisemea. Wamemfanyia mara ya pili.

Kisha Whisky ikaonekana, na kamba ya kizuizi ikashushwa.

Land Cruiser ilisimama. Askari wanne waliizunguka na Kalashnikov. Lydie alisimamisha pikipiki, akavua kofia, akaenda nyuma ya gari. Moyo ulikuwa unapiga ngoma ya harusi. Miaka yote aliyoingoja siku hii ilikuwa imejikunja nyuma ya mlango ule mmoja.

"Fungua kofre."

Dereva alifungua.

Tairi la akiba. Kisanduku cha barafu na chupa za bia ya Simba. Mfuko wa fimbo za gofu. Koti.

Basi.

Waling'oa zulia. Waligonga bodi. Lydie alitoa metorex kwenye mkoba wake, kile kifaa chenye umbo la bastola ambacho wanunuzi wa madini hukielekeza kwenye jiwe ili kiseme lina nini. Alikielekeza sakafuni, kwenye kuta, kwenye tairi. Chuma. Aluminiamu. Chuma. Hakuna kingine.

Pascoe alishuka. Mvi zilikuwa zimemwingia, kitambi kidogo, lakini macho yalikuwa yale yale, ya mtu anayetazama watu kama anayetazama hali ya hewa. Hakumkumbuka Lydie. Angemkumbukaje? Alitabasamu kidogo, tabasamu la aliyekwisha kujua kwamba simu yake inasikilizwa, na neno gani awatupie wasikilizaji.

Alipiga simu. Hakupiga kwa kanali. Alipiga juu ya kanali, na juu ya aliye juu ya kanali. Alizungumza taratibu, akimtazama Lydie usoni, kwa lugha ambayo alidhani binti huyu wa pikipiki haijui.

"And that girl," alisema. "Give her the boot."

Kila kitu kilinyamaza.

Malori yalipita na Lydie hakuyasikia. Alikuwa tena na umri wa miaka kumi na miwili, amesimama mlangoni Ruashi, na Papa alikuwa anaingia na nyama mkononi.

Papa, André Katongo, alikuwa fundi wa pampu za asidi. Asidi ilikuwa imeila mabuti yake mpaka kwenye soksi, na soksi mpaka kwenye ngozi. Akaenda ofisini kuomba mengine. Alinyoa ndevu kwanza. Pascoe, kijana wakati ule, hakuinua hata macho. Alimwambia msimamizi maneno manne: give him the boot.

Kiingereza cha Papa kilikuwa cha sokoni, cha kununua unga kwa Wazambia. Give alilijua. Him alilijua. Na boot, kwa sikio lililolelewa na Kifaransa, ni nini kama si botte? Mpe buti. Angesikia nini kingine? Mtu ameomba mabuti, mzungu amesema apewe buti. Papa alipiga makofi mara mbili polepole, kwa adabu ya kwao, akasema thank you, sir.

Jioni ile walikula nyama. Papa alieleza mezani kwamba mzungu yule ana uso mkali lakini ana moyo. Kesho yake akaenda dirisha la stoo, mabuti mabovu mkononi, akataja namba ya mguu wake: arobaini na mbili.

Stoo walicheka. Walinzi walicheka. Ikabidi karani mmoja amshike bega amweleze kwamba kwa wenye lugha hiyo, kumpa mtu buti ni kumpiga nalo. Ni teke. Ni kufukuzwa kazi. Jina lake lilikuwa limeshafutwa getini tangu jana, na yeye amekuja na namba ya mguu.

Kampuni ilisahau kabla ya chakula cha mchana. Ruashi haikusahau. Papa Give-Boot, ndivyo walivyomwita, kwenye bomba la maji, kwenye misa, mpaka siku alipomzika mkewe. Yale mabuti yaliyoliwa aliyatundika nyuma ya mlango, akachoma herufi AK kwa waya wa moto ndani ya shingo zake, kana kwamba kuna mwizi angeyataka. Na Lydie alijifunza Kiingereza kama mtu anavyonoa panga: kila jioni, na jina la mtu kichwani.

Buti ni kofre. Buti ni teke.

Lakini Papa alisikia kitu cha tatu. Kitu rahisi kuliko vyote. Kitu cha kuvaa.

Lydie aligeuka polepole akaitazama barabara. Unapeleka mabuti ya zamani. Banasema banayapeleka Zambia. Lori ilitoka asubuhi.

It's in the boot.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Papa alisikia vizuri."

Redio ilikwaruza. "Kichuguu kwa Kalulu. Amri imetoka juu. Mwache apite. Rudi mjini. Ni amri, Kalulu."

Askari wakainua kamba. Pascoe akapanda gari bila haraka. Kioo cha mlango kilipanda kikamfunika, na Land Cruiser ikaondoka kuelekea mpaka.

"Kalulu kwa Kichuguu. Si kofre. Ni mabuti ya miguuni. Lori la mabuti ya zamani ya Tolbrook limetoka Ruashi asubuhi."

Sauti ya kanali ilirudi, chini, ya mtu aliyefunika mdomo kwa mkono.

"Una hakika?"

"Baba yangu ana hakika."

"Baba yako anajua Kiingereza?"

"Hapana. Ndiyo maana."

Kanali alipumua. Lydie alimsikia akisukuma kikombe. Alisema kwamba wakikosea mara ya pili siku moja, yeye na Lydie watauza mkaa pamoja pale pale barabarani, na yeye mgongo wake ni mbovu. Halafu akasema kwamba redio inakwaruza sana, hamsikii vizuri, na amri ile huenda haikufika.

"Haikufika, Chef," Lydie alimjibu mkubwa wake.

"Basi endesha."

Aliendesha.

Kasumbalesa. Foleni ya malori ilikuwa imelala barabarani kama nyoka aliyekula mbuzi. Madereva walikuwa wamelala chini ya malori yao, wengine wanapika, wengine wananyoana. Wabadilisha fedha walikaa nyuma ya matofali ya noti. Lydie alipita pembeni, goti likikwaruza matairi, macho yakisoma maturubai.

Wenye kampuni hawakai foleni. Akaenda moja kwa moja mbele.

Lilikuwa pale. Lori jeupe la Howo, la tatu kutoka kwenye kizuizi cha mpaka, limeandikwa ubavuni kwa herufi za kijani: TOLBROOK, HATUA KWA HATUA PAMOJA NANYI. Kwenye kiti cha dereva alikaa mzee mwenye kofia ya sufi. Pembeni yake kijana mpana wa mabega, sare ya ulinzi, shingo kama kisiki. Mkono wake mmoja haukuonekana. Mtu anayelinda mabuti mabovu hafichi mkono.

Na mbele kidogo, kwenye dirisha la uhamiaji, Pascoe alikuwa anangoja zamu, pasipoti mkononi.

Lydie alimwendea mama aliyeuza maji ya mifuko.

"Ya Kiki, dada yangu mkubwa, kama nimesikia vizuri wanavyokuita. Niazime beseni, na kitenge."

Mama Kiki alimpima toka juu mpaka chini. "Na miye nibakie na nini?"

"Na pikipiki yangu."

Mama Kiki aliitazama Honda. Akafungua kitenge chake cha juu, akakitoa. "Ukikawia, dada, nauzisha."

Lydie alijifunga kitenge, akaweka beseni kichwani, akatembea. Alitembea vile wanavyotembea wauza maji wa mpakani, bila haraka na bila kumtazama mtu, kwa sababu anayeuza maji Kasumbalesa hahitaji kumtafuta mteja.

"Maji baridi. Maji."

"We, kadada." Yule kijana mpana aliinama dirishani. "Leta mbili. Iko baridi kweli, ao iko baridi kama moyo yako?"

"Onja mwenyewe, Ya Guelor." Jina lilikuwa limeshonwa kifuani.

Alinyoosha mkono kuchukua maji. Mkono wa kulia. Ule uliokuwa umefichwa.

Lydie aliudaka kwa mikono miwili, akaning'iniza uzito wake wote. Beseni lilianguka. Taya la Guelor lilikutana na ukingo wa mlango kwa sauti ya kuni kavu. Lydie alivuta kitasa, mlango ukafunguka, na Guelor akaja chini nao. Alitua kwenye maji, akageuka, mkono ukarudi kiunoni, bastola ya Tokarev ikaanza kutoka.

Lydie alikuwa amevaa mabuti ya pikipiki.

Alimpa moja.

Guelor alilala.

Dereva alikuwa tayari ameinua mikono, funguo zikining'inia kwenye kidole gumba. "Miye iko mushofere tu, Mama. Naitwa Mardochée, sina neno na mutu. Chukua funguo. Chukua na usukani kama unataka."

"Kaa hapo hapo, Papa Mardochée. Ukiona huyu anaamka, mwambie alale."

Alipanda nyuma, akakata kamba ya turubai kwa kisu chake cha Leatherman. Harufu ilimpiga kwanza: jasho la miaka, mpira, asidi. Mlima wa mabuti. Mamia. Mabuti ya Ruashi yote, ya wachimbaji, ya mafundi, ya wajane waliotunza mabuti ya waume zao. Kila moja limebeba mtu.

Alielekeza metorex kwenye la juu. Hakuna. La pili. Hakuna. La tatu.

Kule mbele mhuri wa uhamiaji ulikuwa unapanda na kushuka. Watu wawili tu mbele ya Pascoe.

Hakuna.

Lydie aliacha kifaa, akatazama kwa macho. Macho ya mtoto aliyekua akitazama jozi moja nyuma ya mlango kila siku. Buti lililokufa hufa kuanzia chini. Ngozi huweza kudumu, soli haiwezi. Na hapa, katikati ya mabuti yaliyolegea midomo kama samaki wa sokoni, kulikuwa na mengine ambayo juu yalikuwa yamezeeka, yamepasuka, na chini yalikuwa na soli nyeusi, nene, zinazong'aa.

Nani hushona soli mpya kwenye buti analolipeleka kuyeyushwa?

Alichukua moja. Lilikuwa zito kama tofali. Alichoma kisu kati ya ngozi na mpira, akavuta. Gundi ikalia. Ndani, katika shimo lililochongwa kwa umbo la kipande cha sabuni, kulikuwa na mche wa kijivu, laini, unaong'aa kama kioo chenye huzuni.

Metorex ilifikiri kidogo. Kisha ikaandika: Ge, germaniamu.

Lydie alimwambia kanali redioni neno moja, imepatikana, akashuka na buti mkononi.

Pascoe alikuwa amefika dirishani. Pasipoti ilikuwa kwa afisa. Mhuri ulikuwa hewani. Kitabu kidogo cha bluu, mhuri mmoja, na mtu huyu anakwenda kuzeekea pwani mahali fulani, akiwasimulia wajukuu jinsi Waafrika wanavyochekesha.

Lydie aliuweka mkono wake juu ya pasipoti.

"Subiri, Mukubwa."

Afisa alitaka kukasirika, akaona kitambulisho, akaushusha mhuri pembeni taratibu kama yai.

Pascoe aligeuka. Alizungumza Kiswahili sasa, kile cha mabwana, cha kuamrisha bustani. "Wewe tena? Kofre ulishaona."

"Niliiona."

"Basi unataka nini?"

"Pale Whisky uliamuru nipewe buti." Lydie alisema hivyo kwa Kiingereza, kila neno limepigwa pasi. Kisha akarudi kwenye Kiswahili cha nyumbani. "Nimekuja kulichukua."

Akaliweka buti kwenye kaunta, soli juu, mdomo wazi. Mche wa kijivu ulishika jua.

Alimwona anaelewa. Hicho ndicho alichokuwa anakitaka, zaidi ya pingu, zaidi ya hukumu: dakika ile ambapo macho ya hali ya hewa yanageuka kuwa macho ya mtu.

Pascoe alikimbia.

Kwa umri wake alikimbia vizuri. Alimsukuma karani wa forodha, akaruka kamba, akashika njia ya kizuizi. Mbele yake ulikuwepo mstari mweupe uliopakwa kwenye lami. Huku Kongo. Kule Zambia. Askari wa ng'ambo walisimama wakitazama, mikono nyuma, kwa kuwa mpaka ni mpaka. Lydie alitoa Glock, akaona akina mama wenye mizigo nyuma ya Pascoe, akairudisha.

Alikuwa bado ameshika buti.

Lilikuwa na chuma puani kama mabuti yote ya mgodini, na germaniamu kwenye kisigino. Lydie alikuwa amekua Ruashi, ambako embe bila fimbo huangushwa kwa jiwe. Alivuta mkono nyuma. Alirusha.

Buti lilizunguka hewani mara mbili na kumpata Pascoe chini ya kisogo.

Alianguka kifudifudi. Vidole vyake vilifika hatua moja kabla ya mstari mweupe, vikakwaruza lami, vikatulia.

Foleni nzima ilikuwa imeamka. Mtu mmoja chini ya lori alianza kucheka, na kicheko kikapita lori kwa lori kuelekea nyuma, mpaka kwa watu ambao hawakuona kitu na walicheka tu kwa sababu ya wenzao. Lydie alikijua kicheko hicho. Kilimwangukia mtu mwingine, zamani, mbele ya dirisha la stoo, kikamfuata mpaka Ruashi. Kimechukua muda mrefu kumpata mwenyewe.

Alimfunga pingu. Alimwinua.

"Kwenye cachot yetu, mahabusu yetu, kuko desturi," alimwambia akimpeleka. "Hakuna mtu anaingia na mshipi. Wala viatu."

Pascoe alisema kwamba atazungumza na balozi. Lydie alisema ni haki yake kabisa, balozi hatazami miguu. Pascoe alitaja jina la yule mkubwa wa simu. Lydie alieleza kwamba mkubwa huyo amepigiwa na kanali dakika chache zilizopita, na sasa anasema hajawahi kusikia neno Tolbrook maishani mwake.

Askari mmoja alipiga goti akamvua. Mabuti ya kahawia ya Timberland, ngozi safi, namba arobaini na tatu. Soksi nazo. Ilikuwa saa nane mchana, na lami ya Kasumbalesa saa nane mchana inakaanga yai. Kutoka pale mpaka kwenye jipu, gari la kitengo lililofuata kutoka Whisky, ulikuwa mwendo wa kutosha. Hakuna aliyeisogeza jipu.

Mkurugenzi wa Tolbrook alitembea. Alitembea akiinua miguu kama jogoo kwenye matope, nyuso za malori mia zikimtazama, na juu yake yale maandishi ya kijani: hatua kwa hatua pamoja nanyi.

"Kalulu kwa Kichuguu," alisema Lydie. "Mkurugenzi amepewa buti."

"Kwa maana ipi?"

"Zote, Chef."

Lori lilipakuliwa pale pale, juu ya maturubai. Mabuti yenye soli mpya upande mmoja, ya kawaida upande mwingine. Mafundi wa kitengo walizibandua soli, wakapanga miche kwenye masanduku, wakafunga lakiri. Guelor alikuwa ameamka, amekaa chini na pingu, akieleza kwa taya lililohama kwamba yeye alidhani ni mabuti tu. Papa Mardochée aliomba maji. Mama Kiki alikuja kudai beseni lake lililopasuka, akapata beseni jipya, akasikitika kwamba Honda hakuiuza mapema.

Ilikuwa kwenye rundo la soli mpya. Lydie aliiona kabla hajaisogelea. Jozi moja, ngozi iliyoliwa na asidi ikawa kama ramani, kamba zimefungwa kwa fundo la Papa. Ndani ya shingo: AK.

Walikuwa wamemwachisha kazi kwa buti. Kisha wakarudi kuchukua na buti lenyewe.

Alikaa chini. Alibandua soli kwa mkono wake, kushoto, kulia. Alitoa miche miwili ya kijivu akampa fundi.

Fundi alinyoosha mkono kwa ajili ya mabuti pia. Ni ushahidi, alieleza kwa upole.

"Chuma ni cha Serikali," Lydie alisema. "Mabuti ni ya André Katongo. Ushahidi unao mamia."

Fundi alitazama uso wake. Akageuka kupanga masanduku.

Lydie alifunga kamba pamoja, akayaning'iniza shingoni. Akapiga simu. Iliita mara moja tu.

"Papa. Bado uko depo?"

"Bado. Benzangu balirudia. Miye nasema nitangoja kidogo. Banaweza kuya."

"Hawatakuja tena, Papa. Rudi nyumbani. Mabuti yako niko nayo."

Upepo wa Ruashi ulipita kwenye simu, na honi ya lori, na sauti ya watoto mbali.

"Yale yangu?"

"Yale yako. Na yule aliyekupa buti ile siku, nimemvua yake. Anatembea miguu mitupu Kasumbalesa, watu wote wanamwangalia."

Lydie alimsikia akivuta kamasi, na akamsikia akikaa juu ya kitu, labda jiwe, labda ndoo.

"Yake iko namba ngapi?"

"Arobaini na tatu."

"Iko mukubwa." Mzee alifikiri. "Kama soksi mbili, inaweza kwenda."

"Hayo ni ya korti, Papa."

"Nauliza tu." Akacheka, mara ya kwanza kwa neno hilo. Alicheka mpaka akakohoa. "Sasa ile Kingereza yangu, Mama. Haikukuwa mubaya."

"Kilikuwa sawa, Papa. Kiliwahi tu."

Alikata. Alimrudishia Mama Kiki kitenge, akavaa kofia, akapiga teke la kuwasha. Nyuma yake malori yalianza kusogea kuelekea kizuizini, moja baada ya jingine. Hakugeuka.

Honda ilishika njia ya Lubumbashi, mabuti mawili bila soli yakigongana kifuani mwake.